Draya Ikianza Kulia, Bisibisi Ishike Wewe



Leo tunataka kusema jambo ambalo halisemwi kwenye kufundwa. Bi harusi anafundishwa singo, anafundishwa udi na namna ya kuufukiza, anafundishwa kumpokea mume na kuishi na mama mkwe, anafundishwa mpaka namna ya kutandika kitanda. Sawa kabisa, na somo apewe haki yake. Lakini tazameni vyombo vinavyopakiwa kwenye gari siku hizi kwenda kwa mume. Kuna friji, kuna blenda, kuna pasi ya mvuke, kuna mashine ya kufulia yenye mapipa mawili, na wenye shangazi Muscat au Dubai wanapelekewa mpaka draya, ile mashine kubwa ya kukaushia nguo, siyo draya ya saluni. Na katika kina mama wote wanaomzunguka mwari siku zile, hapatikani hata mmoja wa kumwambia: mwanangu, mashine hii ikianza kulia, fanya hivi.

Maoni yetu ni haya, na tunajua wapo watakaotununia. Mwanamke mwenye draya nyumbani aweze kuisikiliza, kuifungua na kuiondolea kelele zake mwenyewe, kabla hajamwita fundi na kabla mume hajasema iuzwe. Hatusemi kila ubovu. Tunasema kelele, kwa sababu kelele nyingi za mashine hizi zinatokana na vitu vidogo ambavyo mtu aliyewahi kukaa mbele ya cherehani anavielewa kwa nusu saa.

Sisi ni mawifi wawili. Tunashona na tunakodisha nguo za harusi, mmoja yuko Korogwe upande wa Manundu, mwingine Handeni mjini, Chanika, na kati yetu kuna kilomita 65 hivi za lami ambazo magauni yetu yanazijua kuliko sisi. Elimu yetu ni sekondari na kozi ya ushonaji. Umeme hatukuusomea. Tunalisema hili mapema ili msidhani mnasoma maneno ya mainjinia.

Kwanza tujibu lile swali ambalo wengine wameshaanza kuliuliza moyoni: draya ya nini, na jua lote hili la Tanga? Kweli, jua ni la bure na ni rehema, na shuka iliyokauka juani ina harufu ambayo hakuna mashine itakayoiweza. Miezi mingi ya mwaka sisi wenyewe tunaanika. Lakini masika ikiingia, kuanzia Machi mpaka Mei, nguo inakaa kambani siku tatu inanuka uvundo, na harusi hazisubiri mvua ikatike. Handeni kiangazi nako kuna vumbi jekundu, ukianika shela jeupe asubuhi utaanua la rangi ya chai. Na dada zetu mnaokaa ghorofani Unguja bila uwanja, mnaona tabu kuanika nguo za ndani mbele ya wapita njia, hamhitaji kuelezwa zaidi. Nepi za mtoto tusizitaje.

Tena fikra yenyewe ya kukausha nguo kwa moto si ya jana. Huko Marekani mwaka 1892 mtu mmoja mweusi, George T. Sampson, alipewa hataza ya kikaushio chake, nacho kilikuwa fremu tu ya kutandazia nguo karibu na jiko. Bibi zetu wa pwani waliokuwa wakitandaza nguo juu ya chetezo kuzifukiza udi wangemwelewa mara moja.

Sasa turudi kwenye kelele. Aliyesomea ushonaji anajua kwamba cherehani haiharibiki ghafla, inaanza kwa kusema. Ikilia kwi-kwi-kwi inataka mafuta. Ikigonga tak-tak, ama sindano imepinda ama uzi umejikusanya chini kwenye nyumba ya bobini. Ikinguruma bila kwenda, mkanda umelegea au kuna kitu kimeikaba. Mwalimu wetu alikuwa haturuhusu kugusa bisibisi mpaka tufumbe macho na kusema sauti inatoka wapi. Draya ni hivyohivyo, kwa sababu ndani yake hakuna muujiza. Kuna pipa linalozunguka. Kuna mota ndogo chini yake. Kuna mkanda mwembamba mrefu unaolizunguka pipa zima na kushuka mpaka kwenye mota, sawa na mkanda wa cherehani ya miguu unavyotoka gurudumu kubwa kwenda dogo. Kuna puli ya kukaza ule mkanda. Kuna vigurudumu vya mpira vinavyolibeba pipa, na mashine nyingine badala yake zina beringi nyuma. Kuna feni ya kusukuma hewa, na kuna kipasha joto. Basi. Na katika hivyo vyote, vinavyopiga kelele ni vile vinavyozunguka tu.

Zima mashine, chomoa plagi kabisa ukutani, siyo kuzima swichi tu. Fungua mlango, ingiza mkono, lizungushe pipa polepole huku umelisogezea sikio. Jaribio hili halina gharama na ndilo linalotenganisha mambo. Ikiwa sauti ile unaisikia hata ukizungusha kwa mkono, tatizo liko kwenye pipa na vinavyolishika: vigurudumu, mkanda, puli, au ile felti inayozunguka ukingo wa pipa mbele na nyuma. Ikiwa kwa mkono pipa ni kimya, na kelele inakuja mota ikiwaka tu, basi shuku feni au mota yenyewe.

Halafu aina ya sauti. Mgongo mzito wa du, du, du unaokuja kila pipa linapomaliza mzunguko mara nyingi ni kigurudumu kilicholika upande mmoja, au shuka iliyojiviringa ikawa mpira mmoja mkubwa. Kama mashine ilikaa miezi bila kutumika, mpira wa kigurudumu au mkanda hubonyea pale ulipolalia, ikagonga dakika chache za mwanzo kisha ikanyamaza, na hiyo iache. Mlio mkali wa kwiii ni puli ya kukaza mkanda au mhimili wa kigurudumu uliokauka. Chuma kukwaruza chuma, krrr, hilo usilichezee hata siku moja, zima hapohapo, maana kuna kitu kimelika mpaka mwisho na sasa kinakula pipa. Na kelele ya cha-cha-cha, kama njugu kwenye kopo, sisi wanawake wa ushungi tunapaswa kuijua kuliko wote. Ni pini.

Tuwape kisa. Masika mbili zilizopita draya yetu ya Korogwe, ambayo tuliinunua ikiwa imeshatumika kutoka kwenye kontena la vitu vya Uarabuni, ilianza kwa hiyo cha-cha-cha, na baada ya wiki ikaongeza mgongo wa du, du. Ilikuwa wiki ya harusi tatu. Tukamwita fundi, hatumtaji wala mtaa wake hatuutaji. Alikuja, akaiwasha, akasikiliza kwa muda wa kunywa maji, akasema mota imekufa, atafute mota nyingine, shilingi 180,000, nusu mbele. Hakufungua hata skrubu moja. Wifi wa Handeni alipopigiwa simu akauliza swali moja tu: mota iliyokufa inazungushaje pipa?

Jioni ile tukaifungua wenyewe. Tulikuta nini? Kwenye nyumba ya feni kulikuwa na pini saba za ushungi, kitufe cha kanzu, shanga za gauni kama ukumbi wa kisonoko, na karatasi ya risiti iliyokuwa tambi. Hizo zilikuwa cha-cha-cha. Ile du, du ilikuwa kigurudumu kimoja kati ya viwili, mpira umemeguka kipande cha ukubwa wa kucha. Vigurudumu tuliviagiza Kariakoo kwa kutuma picha na namba ya mashine, vikaja kwa basi. Draya ile inafanya kazi mpaka leo na mota ileile iliyofishwa.

Hatusemi mafundi wote ni hivyo. Wapo mafundi waaminifu, Korogwe tunaye mmoja wa cherehani ambaye tungemwachia funguo za duka. Lakini fundi mbaya anakula kwa ujinga wa mwenye mashine, na hilo halihitaji ushahidi mwingine. Ukiweza kumwambia, "Pipa nimelizungusha kwa mkono ni kimya, kelele inatoka nyuma upande wa feni," bei inashuka yenyewe kabla hujaiomba.

Na kuna jambo zito kuliko pesa, ambalo kwetu sisi wanawake wa Kiislamu halikwepeki. Fundi ni mwanamume, na mashine iko ndani. Mume yuko kazini au safarini, nyumba ina wewe na mtoto wa miezi minane, fundi anabisha hodi saa nne asubuhi, na draya ya watu haibebwi kwa kikapu kupelekwa barazani. Katazo la kukaa faragha na asiye maharimu tunalijua sote tangu madrasa. Matokeo yake ni nini? Dada mmoja atasubiri mpaka mume apate nafasi, na nafasi haipatikani, mashine inaendelea kutumika na kelele zake mpaka kigurudumu cha bei ndogo kinakata mkanda na kulikwangua pipa. Mwingine atamwingiza fundi na kukaa na wasiwasi nusu siku, na jirani naye ana macho. Mwingine atamlipa dada wa jirani aje kukaa naye. Tunawaheshimu wote watatu. Lakini wa nne, aliyejifunza kuchomoa plagi na kushika bisibisi, amestarehe kuliko wao, na kelele moja ikimshinda atakuwa ameshajua aseme nini, fundi aje jioni mume akiwepo, amalize kwa robo saa.

Wapo wanaosema bisibisi inamwondolea mwanamke haya. Mbona mkasi hauondoi, na ni chuma hichohicho? Na wapo waume, Allah awahifadhi, wanaoona aibu wake zao kugusa mashine kwa sababu wao wenyewe hawaigusi. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, nyumbani alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kutengeneza kitu cha nyumbani kwa mkono wako hakujawahi kuwa udhalili, si kwa bwana wala kwa bibi. Mkifungua mashine pamoja, mmoja ameshika tochi na mwingine skrubu, ni jioni nzuri kuliko ya televisheni, tumejaribu.

Haya, kufungua. Mashine zinatofautiana, lakini nyingi kifuniko cha juu kinashikwa na skrubu mbili upande wa nyuma. Uzitoe, kisukume nyuma kidogo, kitanyanyuka. Kabla hujagusa kingine chochote toa simu upige picha, mkanda umepita wapi, puli imekaa upande gani, waya gani umekaa wapi. Fundi cherehani mzuri hafungui nyumba ya bobini bila kukariri, na sisi tuna simu, hatuna haja ya kukariri. Skrubu ziweke kwenye kibakuli kimoja, kwa mafungu.

Cha kwanza utakachokutana nacho si ubovu, ni vumbi la nguo, pamba za kijivu kila mahali. Zitoe zote kwa brashi laini, na kama una mashine ya kufyonza vumbi itumie. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini kidogo, maana hizo pamba karibu na kipasha joto ndizo zinazounguza nyumba. Chujio la mlangoni lisafishwe kila baada ya kukausha, si kila Ijumaa. Na kwa sababu tunaandikia maharusi tuongeze hili: taulo na kanga za singo zilizolowa mafuta ya nazi au ya ufuta msiziingize draya, hata kama zimefuliwa na bado zinateleza. Kitambaa chenye mafuta ya kupikia au ya kujipaka kikipashwa moto na kuachwa kimerundikana kinaweza kuendelea kujipasha chenyewe mpaka kikawaka. Na washonaji wenzetu mnaotoa madoa kwa petroli, nguo hiyo ni ya kambani tu, nje, mbali na jiko.

Baada ya pamba, sogeza puli ya kukaza, mkanda utalegea, utoe kwenye mota. Sasa zungusha kila kitu peke yake kwa vidole. Kigurudumu kizuri kinazunguka kimya na hakichezi huku na huku kwenye mhimili wake. Kibaya kinalia, au kinachezacheza, au mpira umepasuka. Wakati mwingine hakijaharibika, kimezungukwa na nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye mhimili, kama zinavyojisokota kwenye gurudumu la cherehani. Kata nyuzi, futa mhimili kwa kitambaa kikavu, na mlio umeisha. Kama kimelika, badilisha vyote kwa pamoja, kwa sababu kimoja kipya na kimoja kizee havilingani kimo na pipa litapepesuka.

Mafuta? Hapa wengi wanaharibu. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa, yanaganda na kushika vumbi. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa cherehani, lakini ndani ya draya kuna joto, yanakauka upesi na mengine yanarukia mkanda, na mkanda wenye mafuta unateleza na kulia vibaya zaidi. Kuna vigurudumu ambavyo havitaki mafuta kabisa. Ikiwa kitabu cha mashine kinasema mhimili upakwe grisi, iwe grisi ya kuhimili joto, kiasi cha punje ya mchele, na ufute inayozidi.

Mkanda ukague wote kwa kuupitisha vidoleni, kama unavyokagua lasi kabla ya kukata. Ukikuta nyufa au nyuzi zinachomoza, nunua mwingine. Mikanda mingi imeandikwa mgongoni, kwa mfano 1930 H7, maana yake urefu milimita 1,930 na mistari saba. Mwuzaji akikwambia huu unafanana, mwambie unataka namba, siyo mfano. Kuurudisha, upande wenye mistari unagusa pipa. Kisha lizungushe pipa kwa mkono mizunguko mitatu minne kabla ya kufunga kifuniko, uone mkanda umekaa mahali pake.

Na kabla ya yote hayo, tungependa kuwa tumelisema mwanzo lakini kalamu imetangulia, angalieni sakafu. Sakafu zetu nyingi za saruji hazijanyooka. Bonyeza draya pembe moja kisha ya pili yake ya mshazari; ikitikisika, miguu ya chini inazungushwa kupanda na kushuka. Huna pima maji? Weka bakuli pana la maji juu yake utaona upande gani yanakimbilia. Nusu ya malalamiko tunayopigiwa simu na wateja yanaishia kwenye bakuli.

Wengi wenu, na hili tunalijua, hamna draya ya pipa la moto. Mna ile ya mapipa mawili, upande mmoja unafua na upande mwingine mdogo unakamua, na mnaliita hilo la kukamulia draya. Hata sisi Handeni ndiyo tunayoitumia zaidi. Kwanza umeme wake mdogo: mota ya kukamulia kwa kawaida haifiki wati 300, wakati draya ya moto inakula wati 2,000 mpaka 2,500, yaani ukiiwasha saa nzima umemeza yuniti 2 za Luku au zaidi. (Na umeme tunao jirani, pale Hale wilayani Korogwe mto Pangani unazungusha mitambo tangu 1964, ila ukaribu huo haupunguzi bei.) Pili, Handeni maji ni kitu cha kuheshimiwa. Maji ya bomba la HTM yanatoka huohuo mto Pangani upande wa Korogwe na yamekuwa na historia ndefu ya kusubiriwa, kwa hiyo mama wa Handeni anakusanya nguo za wiki nzima, siku maji yakija anafua zote. Na hapo ndipo kikamulio kinaposhindiliwa mpaka shingoni, kikaanza kuruka chumbani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Kelele ya kikamulio mara nyingi ni mzigo kukaa upande mmoja. Jinzi moja nzito na mitandio miwili haviendi sawa. Zitandaze nguo kuzunguka ukuta wa pipa, zisawazishe, kisha bandika juu kile kisahani cha plastiki cha kuzikandamiza, ambacho nyumba nyingi wameshakipa watoto wachezee. Kikipotea, kanga inanyanyuka, inatoka nje ya pipa na kujisokota kwenye mhimili. Tatizo la pili ni kitu kidogo kudumbukia kati ya pipa la ndani na la nje. Tunamjua bi harusi mmoja Handeni ambaye mume wake aliiuza mashine ya vyombo vyake kwa bei ya kuku kadhaa, miezi mitano tu baada ya ndoa, kwa sababu ilikuwa inanguruma na kunuka mpira na yeye anafanya kazi ya zamu, anataka kulala mchana. Maneno yakawa makubwa, ikafika mpaka kwa wazee, maana kile kilikuwa kitu cha mama yake mzazi, amekilipia kwa mchezo wa kina mama mwaka mzima. Aliyeinunua akaipindua, akatoa soksi ya mtoto wa jirani chini ya pipa, anaitumia hadi leo. Jamani, soksi. Wazee wawili walikaa kikao kwa soksi.

Tatu ni breki. Ukifungua kifuniko cha kikamulio pipa linasimama, kwa sababu kuna waya mwembamba kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye breki huko chini. Ukifunga, breki inapaswa kuachia yote. Waya ukivutika au ukihama, breki inabaki imeshika kidogo, na hapo unasikia mlio mkali na harufu ya kuungua. Chomoa plagi, fungua bamba la nyuma, mtu mmoja afungue na kufunga kifuniko na mwingine atazame breki kwa tochi. Ikiwa haiachii, waya unarekebishwa pale ulipofungwa. Chini hapo utaona pia springi zilizobeba mota na mipira yake; moja ikiwa imechomoka, mota inainama na pipa linagonga. Na mkiwa mmeshafungua, tazameni kama panya hajafanya kazi yake kwenye nyaya. Bamba la chini lisiachwe wazi.

Mkono usiingie kwenye kikamulio kabla hakijasimama kabisa. Hata sekunde moja, hata ncha ya mtandio. Hili halina mjadala.

Kuna mahali ambapo sisi wenyewe tunaweka bisibisi chini. Kile kidude cha duara au cha mraba kilichounganishwa na mota, wanakiita kapasita, kinaweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo hatukigusi miguu yake. Waya ulioungua, harufu ya umeme, mashine inayokupiga shoti ukiigusa, draya ya gesi, na zile draya mpya zenye mfumo wa gesi ya baridi kama friji, hizo ni za mtu aliyesomea. Mota ikinguruma bila kuzunguka, hata kama ni kwa sababu umeme umekuja mdogo siku hiyo, izime haraka, usiisubiri ijikaze.

Na ipo kelele moja ambayo hakuna fundi wala bibi wa nyumba atakayeiondoa, kwa sababu inatoka nchi mashine ilikotoka. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Oman ni hezi 50, Falme za Kiarabu ni hezi 50. Saudia ni hezi 60, na Marekani ni hezi 60 tena mota za draya zao nyingi ni za volti 120. Draya iliyotengenezwa kwa hezi 60 peke yake, hata ukiipatia volti zake, hapa inazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, mota inapata moto na kunguruma siku zote, na utabadilisha vigurudumu vyote bure. Kwa hiyo shangazi akipiga simu kutoka Riyadh kwamba amepata draya nzuri ya kumtunza mwari, mshukuru, mwombee dua, kisha mwambie kabla hajalipa apige picha kile kibandiko cha nyuma ya mashine akutumie, mtafute kama kimeandikwa 220 mpaka 240 na hezi 50. Kikiwa na 60 tu, atume pesa yenyewe, au kitambaa.